Kituo cha Awamu ya Tatu

Honi ndiyo iliyotangulia, mbali, upande wa machimbo ya kokoto, ndefu kama mtu anayepiga mwayo bila kuziba mdomo. Halafu vikombe vikaanza kugongana kabatini. Rula alikuwa amepiga goti sebuleni akimfunga mama yake kamba za viatu. Bila kuangalia, aliinua mkono wa kushoto akaishika taa ya mezani isianguke. Mama alikunja miguu yake chini ya kochi. Saa kumi na mbili na dakika nane za asubuhi, treni iliingia kupitia ukuta wa mashariki, ikapita katikati ya kochi na meza, ikatokea jikoni, ikaenda zake.

Haikuvunja kitu. Ukuta uliipisha kisha ukarudi mahali pake, wala rangi haikubanduka. Yalikuwa mabehewa sita ya kijivu yenye mstari wa kijani, sawasawa na yalivyochorwa katika kurasa za rangi za Mpango wa Miaka Thelathini wa Usafiri wa Mkoa. Reli yenyewe ilikuwa haijajengwa. Haukuwa umepigwa hata msumari mmoja. Lakini Mpango ulikuwa umepitishwa, umepigwa muhuri na kutangazwa, na ulisema kwamba ifikapo mwaka fulani treni itakuwa inapita. Mwaka huo ulipofika, treni ilianza kupita. Sasa ilikuwa na miaka saba.

Baba alikuwa behewa la tatu, dirisha la pili, kama kawaida. Alikuwa na miaka minne tangu afariki. Alipunga mkono, na Mama akampungia kwa ule mkono wake wenye bandeji.

"Amenyoa," Mama alisema vikombe vilipotulia.

"Nimeona."

"Na shati lile nililomwambia asilivae nje ya nyumba, kalivaa. Mtu hata akifa hasikii."

Rula alimaliza kufunga kamba, akamshika mama yake kwapani, wakasimama pamoja.

Siri ya abiria wa treni ile haikuwa siri. Miaka ishirini na miwili nyuma, wakati Mpango unaandikwa, makarani walipita mlango kwa mlango na fomu. Waliuliza kila mtu mzima anataka kusafiri kwenda wapi, na saa ngapi. Majibu yakajumlishwa, ukapatikana mstari mmoja wa makadirio: abiria elfu nne kila asubuhi. Treni isingeweza kutembea tupu wakati imekadiriwa kujaa. Kwa hiyo wale waliohesabiwa, kisha wakafa wakisubiri, walikwenda kukalia viti vyao. Baba, alipoulizwa, alijibu kwamba yeye popote pale, mradi apate pa kukaa. Alifia katika basi la pili kati ya matatu ya kwenda hospitali ya rufaa, akiwa amesimama, ameshika bomba la juu. Walimgundua basi lilipofika mwisho wa safari.

Treni ile ile ilifika hospitali ya rufaa kwa dakika ishirini na mbili. Ndicho kilikuwa kituo chake cha mwisho. Ilipita sebuleni kwao, mbele ya magoti ya mwanamke mgonjwa aliyekuwa anakwenda huko huko, na haikusimama. Kituo kilikuwapo. Kilikuwa pale pale, kuanzia mlango wa mbele wa kina Rula hadi choo cha jirani yao fundi cherehani. Lakini kilikuwa kituo cha awamu ya tatu, na awamu ya tatu haijaanza.

Basi walitoka wakapanda basi. Kisha la pili. Kisha la tatu. Mama alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi. Siku hiyo basi la pili liliharibika tairi. Walifika saa tatu na robo, mashine ikiwa tayari ina mtu mwingine.

"Mama yangu, saa mbili ni saa mbili," muuguzi alisema. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Alimvuta Rula pembeni karibu na mizani. "Hii ni mara ya pili mwezi huu, kaka. Daktari kaandika hapa, soma mwenyewe. Akikosa ya tatu, tusije tukalaumiana."

Walirudi kwa mabasi matatu. Uso wa Mama ulikuwa umevimba, lakini maneno hayakumwishia. Alimwambia kondakta wa basi la mwisho kwamba gari lake linanuka kama soksi ya askari. Kondakta alicheka akampisha kiti chake mwenyewe.

Rula alifanya kazi kwenye ofisi iliyoandika Mpango. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa anaweza kuchora mstari ulionyooka kwa jicho tu, bila rula. Ofisi ilikuwa ghorofa ya sita, na lifti ilikuwa kwenye mpango wa peke yake. Kompyuta zilikuwapo nane, zimefunikwa vitambaa vya maua, lakini muhuri haupigiki juu ya kioo, kwa hiyo nakala halali ya Mpango ilibaki kuwa ya karatasi, na karatasi zilichorwa kwa mkono. Kila njia ilikuwa na karatasi mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Mchoraji mmoja hakuruhusiwa kushika zote mbili. Zamani kuna mtu aliiona njia nzima mezani kwake, akawahi kwenda kununua viwanja. Tangu hapo Rula alichora kwenda, na bibi mmoja wa meza ya dirishani, aliyebakiza miaka michache kustaafu na aliyeitwa Kifutio, alichora kurudi. Kwa miaka tisa Rula hakuwahi kuiona karatasi ya kurudi. Ilifika mahali akilini mwake safari ikawa ni kwenda tu. Ukimuuliza njia, alikuonyesha unavyofika.

Awamu zilitofautishwa kwa rangi. Kituo cha awamu ya kwanza kilikuwa duara jekundu, cha pili bluu, cha tatu njano. Kila baada ya miaka mitano ofisi ilifanya mapitio: karatasi zilifufuliwa, miaka ikasogezwa mbele, kisha muhuri ukapigwa na hakuna aliyegusa tena hadi mapitio mengine. Mwaka huo muhuri ulikuwa upigwe siku ya Ijumaa.

Jumanne asubuhi Rula aliingia kwa Mkurugenzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rula. Mistari imenyooka?"

"Imenyooka. Nina ombi moja. Kituo namba kumi na tisa kihamie awamu ya kwanza."

Mkurugenzi alikoroga chai yake. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa na tabia ya kutazama ndani ya kikombe kabla ya kujibu, kama vile majibu yameandikwa chini.

"Namba kumi na tisa," alisema. "Hicho unajua kilifikaje pale?"

"Sijui."

"Nilikuwa mchoraji, kama wewe. Siku moja niliweka kikombe juu ya karatasi, nikaitwa kwenye simu. Niliporudi, mkuu wangu wa wakati ule ameinamia meza, kidole juu ya alama ya chai. Duara zuri, la mviringo kabisa. Akasema, naam, hapa panafaa kituo. Nani angembishia?"

"Kwa hiyo kituo ni kikombe."

"Kilikuwa kikombe. Kilipopigwa muhuri kikawa kituo."

Ndani ya duara hilo la chai zilikuwamo nyumba kumi na nne. Kila moja ilikuwa na alama ya X nyekundu ukutani, na mwenye X haruhusiwi kubadilisha bati wala kuongeza tofali, kwa kuwa nyumba yake itabomolewa wakati wowote. Wakati wowote ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Chumba cha Mama kilikuwa na ndoo tatu za kukingia mvua, na Mama alizijua sauti zake kiasi cha kutambua gizani ipi imejaa.

"Basi kifute, mzee."

"Kufuta kituo kunahitaji sababu. Kukiweka hakukuhitaji."

"Basi kiwe cha kwanza. Kile cha mlimani ni cha awamu ya kwanza na hakuna mtu anayeishi kule. Nimekwenda kukiona. Treni inasimama dakika mbili nzima, milango inafunguka, na anayepanda ni mbuzi."

"Na mbuzi huyo ni wa nani," Mkurugenzi aliuliza taratibu, "umewahi kuuliza?"

Viwanja vya mlimani vilikuwa na kuta ndefu na mageti yenye kufuli, na ndani majani matupu.

"Mwambie mama avumilie," Mkurugenzi alisema. "Mapitio yajayo. Miaka mitano si mingi. Nakuahidi."

Jioni Rula alimweleza mama yake. Mama alikuwa amelala chali, mto chini ya magoti, na alicheka mpaka akashika ubavu.

"Huyo? Huyo namfahamu. Ndiye alikuja na fomu hapo mlangoni. Kijana mwembamba, kalamu sikioni, jasho linamtoka. Nikamwonea huruma, nikampa maji ya kunywa. Akanywa yote, akaniambia, mama, miaka mitano tu, utapandia hapa hapa mlangoni. Nakuahidi." Alivuta pumzi. "Kikombe changu aliondoka nacho."

"Mama, nita—"

"Wewe usije ukaniahidi kitu! Umesikia? Nina ahadi za kutosha humu ndani, nyingine ziko ndani ya ndoo. Ukitaka kunisaidia, nisugue miguu."

Rula akamsugua miguu. Iliacha mashimo pale vidole vyake vilipobonyeza.

Alhamisi mabasi yote matatu yalifika, wakaiwahi mashine. Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, Rula alibaki mezani peke yake. Alichukua wembe akaikwangua njano ya kituo namba kumi na tisa, polepole, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kisha akachovya kalamu kwenye wino mwekundu akalijaza duara. Hakuwa amewahi kuchora duara zuri kuliko lile. Alasiri Mkurugenzi alipita meza kwa meza, simu sikioni, akimcheka mtu wa upande wa pili, na muhuri ukashuka juu ya kila karatasi kwa mlio mmoja. Hakuangalia. Kwa miaka yote hakuwahi kuangalia.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika nane, vikombe viligongana. Kisha zikasikika breki. Treni iliingia sebuleni ikipunguza mwendo, na behewa la tatu likasimama mkabala na kochi, kama vile kochi limewekwa hapo kwa ajili hiyo. Milango ikafunguka kwa pumzi nyepesi. Ndani mlikuwa na harufu ya rangi mpya.

Baba alikuwa amekwisha kusimama. Alikipangusa kiti chake kwa kiganja.

"Kaa hapa, dirishani," alisema. "Umechelewa."

"Nimechelewa mimi?" Mama alijibu. "Mimi niko hapa mlangoni kwangu miaka ishirini na miwili. Aliyekuwa anapita bila kusimama ni nani?"

Alikuwa na kadi yake ya hospitali, mtandio wake wa kijani na mkoba. Alipanda mwenyewe, hakushikwa. Fundi cherehani, ambaye behewa la tano lilikuwa limesimama katikati ya chumba chake cha kupimia nguo, alitoa kichwa dirishani, futi shingoni.

"Dada, kumbe imesimama kweli! Ukipita madukani niletee uzi mweusi, roli mbili!"

"Mimi nakwenda kusafishwa damu, wewe unaniagiza uzi!"

"Si unarudi?"

Rula alitaka kupanda naye. Alipoinua mguu akauweka ndani ya behewa, ulishuka juu ya zulia la sebuleni. Alijaribu tena, na zulia likawa pale pale. Wakati wa fomu alikuwa na miaka minane, na watoto hawakuhesabiwa. Milango ikafungwa. Mama aliinua kadi yake dirishani kama mtu anayeonyesha cheti cha kufaulu.

Saa moja kasoro muuguzi alipiga simu. "Kaka, leo mmenishangaza. Mama amefika wa kwanza, hata mlango hatujafungua. Anawaamrisha watu foleni." Saa sita akapiga tena: amemaliza, uvimbe umepungua, anasema anajisikia kula. Saa tisa: ameaga, amekataa kusindikizwa, anasema usafiri wake unamfikisha hadi kitini.

Rula aliomba ruhusa akawahi kurudi nyumbani. Alifagia. Alibadilisha shuka. Alisogeza kochi kidogo ili ashukie vizuri, akaketi akisikiliza.

Saa kumi na moja na nusu jioni honi ililia, safari hii kutoka upande wa jikoni. Rula alisimama. Treni ilitokea jikoni kwa mwendo wake wote. Behewa la kwanza likapita, la pili, la tatu. Mama alikuwa dirishani, mkoba mapajani, uso umepungua uvimbe, ameshakunja mtandio tayari kwa kushuka. Alimwona mwanawe. Akageuka kuutazama mlango, akaona haufunguki, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Kisha behewa la sita likaingia ukutani, na ukuta ukajifunga.

Rula alibaki amesimama pale pale. Ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alipofikiria karatasi ya kurudi.

Kesho yake alifika kazini kabla ya mfagiaji. Kifutio alipoingia alimkuta mezani kwake.

"Bibi, namba kumi na tisa. Kwenye kurudi. Ina rangi gani?"

Kifutio aliweka mkoba chini, akavaa miwani, akaifungua karatasi nusu, kwa mazoea, asione zaidi ya inavyopasa.

"Njano."

"Ibadilishe. Nakuomba. Mama yangu yumo ndani."

"Ina muhuri, mwanangu." Alikaa. "Ulikwangua ya kwako Ijumaa, nilipokwenda kula?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia? Ningeikwangua na mimi siku hiyo hiyo. Dakika mbili tu, wembe ninao." Alivua miwani. "Miaka tisa tunakaa hapa, hatua tano kati yangu na wewe. Hujawahi hata siku moja kuniuliza kurudi kunafananaje."

Alhamisi Rula alipanda mabasi matatu usiku haujaisha, akaisubiri treni hospitali. Ilifika kwa wakati. Watu wakashuka. Mama hakushuka. Alikuwa amekaa kitini, Baba amesimama kando yake ameshika bomba la juu.

"Toka, Mama. Tuondoke kwa basi."

"Mlango hauniruhusu, mwanangu." Alimwonyesha tiketi. "Nilikata ya kurudi nyumbani. Mwenye tiketi ya nyumbani hashuki ila nyumbani. Mimi nimeshabishana nao mpaka nimechoka."

"Unajisikiaje?"

"Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote. Humu hakuna anayeugua." Alifikiri kidogo. "Mwambie fundi uzi ninao. Roli mbili, nyeusi."

Rula alinyoosha mkono kumshika, na mkono wake ukashika upepo wa jukwaani. Treni iligeuza ikaondoka. Ndani ya hospitali, muuguzi alikuwa ameshalikata jina la Mama kwenye orodha, kwa penseli, na mashine ya saa mbili ilikuwa imepangiwa mtu mwingine.

Wiki hiyo hiyo Mkurugenzi alimwita. Karatasi ya kwenda ilikuwa mezani, duara jekundu juu. Mtu wa mlimani alikuwa amelalamika kwamba treni inafika kule imechelewa dakika mbili.

"Sikufukuzi," Mkurugenzi alisema. "Nikikufukuza wewe nani atanichorea? Nimeandika kwamba ni kosa la kalamu. Makosa yanaruhusiwa kusahihishwa baada ya muhuri. Nyongeza ndiyo hairuhusiwi." Alimsogezea chupa ndogo ya wino wa njano. "Sahihisha."

"Mzee, mama yangu—"

"Nimesikia. Pole sana. Nilimfahamu, alikuwa mtu mwema. Aliwahi kunipa maji." Alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu uliobanduka, na Rula alikuwa amekiona maisha yake yote ya kazi bila kujiuliza kimetoka wapi. "Angalia uzuri wake. Yeye sasa ana kiti."

Rula alisahihisha. Duara la njano lilitoka zuri sana.

Tangu hapo treni iliendelea kama zamani. Asubuhi saa kumi na mbili na dakika nane ilikwenda, jioni saa kumi na moja na nusu ilirudi, na mlimani ilisimama dakika mbili. X ilibaki ukutani. Fundi alishona kwa uzi wa bluu. Rula alizimwaga ndoo tatu kila mvua iliponyesha, na jioni alikaa sebuleni kumwona mama yake kwa muda wa dirisha moja. Mama alipunga. Wakati mwingine alimwonyesha kwa ishara kwamba kola imekaa vibaya, naye akaiweka sawa wakati treni imekwisha kupita. Hakumwahidi kitu. Alikuwa amekatazwa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya joto. Rula alikuwa anakunywa maji alipoisikia honi upande wa jikoni. Alikiweka kikombe mezani na kusimama. Behewa la kwanza likapita, likapita la pili. Kwa sababu ya joto, Mama alikuwa ameteremsha kioo, na uso wake ulikuja wazi, bila uvimbe, bila maumivu, bila kitu, ukimtazama mtoto wake ambaye jasho lilikuwa linamtoka, mwembamba, kalamu imesahaulika sikioni.

Mama alitikisa kichwa. Aliona linalokuja kabla mwanawe hajalisema, akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Lakini dirisha lilikuwa limeshaanza kupita, na Rula akakimbia sambamba nalo, hatua nne, mpaka ukutani.

"Mama! Mapitio yajayo! Miaka mitano tu, na safari hii karatasi zote mbili, kwenda na kurudi! Nakuahidi!"